Mjadala juu ya Tao la Mlango

Mlango wa nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe wa Unguja hutazamwa kabla ya nyumba yenyewe, na husimuliwa kuwa matajiri wa zamani walikuwa wakiusimamisha mlango kwanza, ndipo kuta zikaufuata. Kwa hivyo asistaajabu mtu akisikia kuwa watu wazima watatu, wenye akili timamu na shughuli za kufanya, walikaa barazani tangu baada ya sala ya alasiri hata kukaribia magharibi wakibishana juu ya kipande kimoja cha mbao. Kipande chenyewe kilikuwa tao la juu ya mlango, ambalo mchwa walikwisha lila kwa ndani, na mvua iliyokuwa ikivuja kutoka roshani ikaliozesha kwa nje, hata likawa halifai tena kutiwa viraka, na hapakuwa na budi ila kufanywa jipya.

Wa kwanza katika wabishi hao alikuwa seremala mzee, aliyejifunza kazi tangu alipokuwa mwanagenzi wa kufagia vumbi na kunoa patasi za wenziwe. Wa pili alikuwa kijana mwenye karakana Ng'ambo, ambaye hutumia ruta, ile mashine ya umeme yenye biti izungukayo kwa kasi kubwa, pamoja na jigi, yaani kifaa cha kuiongoza mashine ipite katika njia moja isiyobadilika. Wa tatu alikuwa mwenye nyumba, bibi wa makamo ambaye hajapata kushika randa maishani mwake, lakini ndiye mwenye kutoa fedha, na rai ya mwenye kutoa fedha aghalabu huwa fupi na nzito. Mimi nilikuwa mwenye kuandika tu. Nimeyapunguza marudio, maana yalikuwa mengi, na nimejiruhusu kuingia kati pale ambapo niliona maneno ya mafundi yanahitaji kufafanuliwa kwa sisi tusio mafundi.

MZEE: Mwanangu, mashine yako siikatai kwa kuwa ni mashine. Msumeno wa umeme uliingia mji huu nami nikiwa mtu mzima, na sikuupiga mawe, niliununua. Nikikataacho ni tao lisilo na mtu ndani yake. Mkono haupiti mahali pawili kwa namna moja, na jicho la mpita njia, hata kama yeye mwenyewe hajui analoliona, hulitambua hilo na hutulia. Tao la mashine jicho hulipitia mara moja tu, kwa kuwa likishaona robo yake limekwisha ona lote.

KIJANA: Nakusikia, ami. Lakini niwie radhi nikuulize: wewe ulipokuwa ukichora tao, ulilichora kwa jicho?

MZEE: Kwa jicho hapana. Nilipiga msumari sakafuni, nikafunga kamba, na ncha ya pili ya kamba nikafunga kalamu. Tao likiwa dogo, bikari.

KIJANA: Basi jigi yangu ni msumari huo huo na kamba hiyo hiyo, illa kamba imekuwa ubao mwembamba usiovutika wala kulegea, na kalamu imekuwa biti ya chuma. Tafauti yetu haimo katika duara. Duara ni moja. Tafauti yetu ni kwamba wewe ulichora duara sahihi kisha ukalikata kwa msumeno na patasi ukitumaini kutolipotea, ilhali mimi ninachora na kukata kwa tendo moja, na hapana mahali pa kupotelea.

MWENYE NYUMBA: Na hilo duara mnalipataje, maana tao langu si nusu duara? Limeinuka kidogo tu.

Hapa mafundi wawili walijibu kwa pamoja, na jambo la ajabu ni kuwa walipatana. Uwazi wa mlango ulikuwa na upana wa sentimita 120, na tao liliinuka sentimita 20 kutoka mstari wa mabega yake hadi kileleni. Kijana alitoa kalamu akafanya hesabu juu ya kipande cha ubao: nusu ya upana, ambayo ni 60, ukiizidisha kwa yenyewe hupata 3,600, kimo, ambacho ni 20, ukikizidisha kwa chenyewe hupata 400, jumla ya mawili hayo ni 4,000, igawe kwa kimo mara mbili, yaani 40, na jibu ni 100. Basi msumari hupigwa sentimita 100 chini ya kilele, ambapo ni sentimita 80 chini ya mstari wa mabega. Mzee hakuigusa kalamu. Alichora kwa kidole juu ya vumbi la baraza mstari kutoka bega la tao hadi kileleni, akaukata katikati, akasimamisha pembe mraba pale ulipokatwa, akauteremsha mstari mpya mpaka ukakutana na mstari wa katikati ya mlango, akasema, "Msumari wako ni hapa." Ni mahali pale pale. Ilmu ya handasa haibagui mwenye kalamu na mwenye kidole, na mimi niliyekaa kati yao nilidhani mjadala umekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.

MZEE: Kupata kitovu si kazi ya fundi, ni kazi ya mtoto wa skuli. Kazi ya fundi ni ubao. Ukichukua ubao mnyoofu ukaukata tao, nyuzi za ubao hazipindi pamoja nawe. Zinakwenda zao moja kwa moja, nawe unazikata njiani. Waulize waunda majahazi. Taruma la jahazi hawalikati katika ubao mnyoofu. Huingia msituni wakatafuta tawi ambalo limejipinda lenyewe kwa kadiri ile ile wanayoitaka, ndipo nyuzi zikaufuata mpindo tangu mwanzo hadi mwisho, na bahari ikawa haina pa kulivunja. Hiyo ndiyo akili. Ruta yako haiulizi nyuzi zinaelekea wapi.

KIJANA: Ruta haiulizi, ami, lakini mimi nauliza. Tao hili nikilitoa katika ubao mmoja, lenye upana wa sentimita 15, nitahitaji ubao wa upana wa sentimita 35, na mvule wa upana huo hata ukipatikana bei yake humtoa mtu jasho. Na kule mabegani nyuzi zitakatika kwa mshazari wa digrii 37 hivi. Lingekuwa nusu duara kamili, mabegani nyuzi zingekatika kwa digrii 90, na hapo hata mtoto angelivunja kwa goti. Ndiyo sababu silitoi katika ubao mmoja. Naligawa mapande matatu, kila moja katika ubao wake wa upana wa sentimita 20, na kila moja nyuzi zake zikielekezwa kuufuata mpindo kwa kadiri iwezekanavyo. Hapo mshazari hauzidi digrii 12 na kitu mahali popote. Maungo nayakata yaelekee kitovuni, na kila ungo nautia ulimi na gundi.

Nilimwambia kijana kuwa rai hiyo ina wazee wake. Mfaransa mmoja mjenzi, Philibert de l'Orme, alichapisha kitabu mwaka 1561 kuonyesha namna ya kujenga mapaa makubwa ya matao kwa vipande vifupi vya mbao vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, maungo ya tabaka moja yakiangukia katikati ya vipande vya tabaka jingine, na muradi wake ulikuwa ule ule wa kijana: mbao ndefu na pana zimekuwa adimu na ghali, na tao halina haja nazo. Mzee alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama Mfaransa huyo alikuwa na umeme. Nilijibu kuwa hakuwa nao. "Basi," akasema, "ni shahidi wangu."

MWENYE NYUMBA: Mimi sijali shahidi ni wa nani. Nataka kujua tao litakuwa laini ama litakuwa na matuta. Tao la jirani yangu, ambalo lilifanywa juzi kwa msumeno na tupa, jua likilipiga ubavuni linaonyesha mabonde.

Swali hilo lilikuwa kiini cha mambo yote, na hapa inafaa kukaa kidogo. Ulaini wa ukingo uliopinda ni jambo gumu kuliko ulaini wa ukingo ulionyooka, kwa sababu ukingo ulionyooka una msaidizi wake katika randa ndefu, ambayo kitako chake hupita juu ya mabonde bila ya kuingia na kukata vilele peke yake, lakini katika mpindo randa hiyo haina pa kukalia, na fundi hubaki na patasi, tupa na msasa, vyombo ambavyo huufuata ukingo kama ulivyo, bonde likibaki bonde na tuta likibaki tuta, mpaka mkono uamue vingine. Kijana aliuliza ruhusa ya kueleza namna yake, naye akaieleza kwa mapana.

KIJANA: Siiweki ruta juu ya mvule moja kwa moja. Kwanza nachukua plaiwudi ya milimita 12, naikaza mezani pamoja na msumari wa kitovu, vyote viwili katika usawa mmoja ili mkono wa jigi usiinuke wala kushuka. Kwa ukingo wa ndani, ambako kinachotupwa kiko upande wa kitovu, napima sentimita 100 kutoka msumarini hadi ubavu wa mbali wa biti. Kwa ukingo wa nje, ambako kinachotupwa kiko nje, napima sentimita 115 hadi ubavu wa karibu. Mwenye kusahau jambo hili tao lake hupungua unene wote wa biti, na mimi nimewaona mafundi wakilisahau wakalaumu mashine. Kisha nakata kidogo kidogo, milimita nne au tano kila mpito, siyo yote kwa mara moja. Nikimaliza, ninacho kiolezo. Mvule sasa naukata kwa msumeno wa mkanda nje kidogo ya mstari, nikibakiza milimita mbili tu, nakifunga kiolezo juu yake, na biti yenye beringi hutembea juu ya ukingo wa plaiwudi na kukata ukingo wa mvule sawasawa nao. Beringi haikosei kwa kuwa haina rai.

MZEE: Na nyuzi?

KIJANA: Na nyuzi, ami, ndipo penye hadhari kubwa. Biti ukiitazama kwa juu huzunguka kwa mwendo wa akrabu za saa, na ruta lazima isukumwe kuikabili biti, siyo kuifuata, maana ukiifuata mashine hukuponyoka ikakimbia juu ya ubao. Kwa hivyo ukingo wa nje huenda kinyume cha akrabu, na ukingo wa ndani huenda kwa mwendo wa akrabu. Lakini mwendo huo ukikuteremsha vyema nusu moja ya mpindo, nusu ya pili hukupandisha dhidi ya nyuzi, na hapo biti hunyofoa vibanzi virefu.

MZEE: Ndiyo. Ukingo wa nje hukatwa kutoka kileleni kwenda mabegani, na ukingo wa ndani kutoka mabegani kwenda kileleni. Hilo sikufundishwa na ruta. Patasi ilinifundisha, na somo lake lilikuwa la damu.

KIJANA: Nami ndivyo nifanyavyo. Nusu iliyo njema naikata, kisha naugeuza ubao chini juu, nabadilisha biti nikatia ile yenye beringi upande wa pili, naikata nusu iliyobaki. Na kwa kuwa tao hili lina mapande matatu, kila pande lina kilele chake na nyuzi zake, na kila moja nalitazama peke yake kabla ya kuliunganisha.

Kimya kilipita hapo, na naamini mzee alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta, ingawa hakusema. Wasomaji watambue kuwa wawili hawa, ambao mmoja hutia nguvu kwa nyundo ya mti na mwengine kwa mota yenye kuzunguka mara elfu ishirini kwa dakika, walikuwa wameeleza kanuni moja kwa maneno yaliyokaribiana mno, wala haikuwa kwa sababu mmoja alimfunza mwenziwe, bali kwa sababu wote wawili walifunzwa na mti. Ubao hauna khabari ya chombo kinachoukata. Una khabari ya upande tu ambao chombo kimetokea.

Kijana alikuwa amekuja na kiolezo cha kazi nyingine ili aonyeshe ulaini wake. Mzee alikitia mapajani, akafumba macho, akapitisha ncha za vidole juu ya ukingo polepole kutoka bega hadi bega, kwa kuwa kidole huona bonde ambalo jicho hulisamehe. Karibu na robo ya mwisho kidole kilisimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena. "Hapa ulipumzika," alisema. Tukatazama, na kweli palikuwa na doa jeusi la kuungua, dogo kuliko ukucha, na chini yake kijibonde ambacho mimi nisingalikiona hata kwa miwani. Kijana alikiri kuwa ndipo waya wa umeme uliponasa mguuni mwa meza akasita ili aunasue, na biti ikizunguka bila ya kusogea huunguza mbao na kuichimba kidogo. Akaongeza kuwa kosa la kiolezo ni baya kuliko kosa la ubao, kwa sababu beringi itakinakili kijibonde hicho katika kila tao litakalofuata, kwa uaminifu ule ule inaonakilia kilicho sawa. Kwa hivyo kiolezo hutengenezwa kwa tupa na msasa mpaka kidole kipite bila ya kusimama, ndipo kikaruhusiwa kugusa mvule.

MZEE: Umesema kweli, na kwa hilo nakupa heshima. Lakini sijamaliza. Mvule una mawe ndani yake. Umepata kuyaona?

KIJANA: Nimeyaona, na yamenivunjia biti.

Jambo hili halikuwa fumbo. Mti wa mvule, hususa ule uliopata jeraha ungali hai, hukusanya chokaa ngumu ndani ya magogo yake, na mpasua mbao hukuta jiwe la kweli mahali ambapo hapana dalili yoyote juu ya ngozi ya ubao. Patasi ikigonga jiwe hilo hutoa sauti na kupoteza makali, na fundi husimama. Biti ya ruta, hata iwe imetiwa kabaidi, hugonga kwa kasi ambayo haimpi mtu nafasi ya kusimama. Msaji nao, ambao mafundi wengi huupenda kwa mafuta yake yanayozuia maji, una mchanga mwembamba ndani ya nyuzi zake uondoao makali ya chuma kabla ya wakati. Na vumbi ni khabari nyingine. Patasi hutoa vibanzi ambavyo huanguka chini. Ruta hutoa unga ambao hukaa hewani, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani ilikwisha hukumu mwaka 1995 kuwa vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu. Kijana alisema kuwa huvaa kizuia vumbi na miwani. Mzee alimtazama kwa namna ya mtu aliyepita mbele ya karakana hiyo mchana wa joto na akajua alichokiona.

MZEE: Na umeme ukikatika? Mwisho wa mwaka 2009 Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, mpaka Machi ya 2010. Patasi zangu hazikusimama hata siku moja.

KIJANA: Ami, miezi hiyo hata mabarafu ya samaki yalisimama. Mbona hatukuacha kula samaki?

MWENYE NYUMBA: Haya, haya. Mnisikilize nami. Mzee anasema tao la mashine halina mtu. Lakini mlango huu wenyewe una tao kwa sababu gani? Milango ya zamani zaidi hapa mjini si ya mraba, yenye maandishi juu ya kizingiti?

Swali la bibi lilimweka mzee pabaya, kwa kuwa lilikuwa la haki. Milango ya kale katika mji huu, ile ambayo huhesabiwa kuwa ya Kiomani, huwa na kizingiti cha juu kilichonyooka, chenye nakshi na aghalabu aya au mwaka wa Hijria. Milango yenye tao la mviringo ilienea baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 19, zama za Sultani Sayyid Barghash na waliomfuata, wakati mafundi na matajiri wenye asili ya Bara Hindi walipotia ladha yao katika milango na roshani. Zahanati ya Ithnasheri pale pwani, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1887 kwa mali ya mfanyabiashara Tharia Topan ukamalizika mwaka 1894, ni hazina ya kazi hiyo ya mbao iliyopindwa na kutobolewa. Kwa hivyo tao ambalo mzee alilitetea kwa jina la jadi lilikuwa lenyewe limeingia mjini kama mtindo mpya, na yamkini alikuwako seremala wa wakati huo aliyekaa barazani na kulalamika kuwa kizingiti kilichonyooka ndicho chenye uhai. Mzee hakulikataa hilo. Alisema tu kuwa mgeni akikaa vizuri huwa mwenyeji, na kuwa yeye hana ugomvi na mgeni bali na mgeni asiyepima ukuta anaouingia.

Na hapo, kwa maneno hayo yaliyotoka kama ya pembeni, ndipo alipoigusa hoja yake ya kweli.

MZEE: Pima mlango huu. Usipime upana wake, pima mabega. Bega la kushoto limeshuka karibu sentimita mbili kuliko la kulia, kwa kuwa ukuta umekaa. Nyumba ina zaidi ya miaka mia. Matumbawe na chokaa hukaa taratibu na hakuna anayevihimiza. Tao la zamani lilikuwa limekatwa kuufuata ukuta, ndiyo maana hakuna aliyeona kuwa ukuta umeshuka. Wewe utaleta duara kamili la sentimita 100, kulia sawa na kushoto, na utakapolisimamisha kila mpita njia ataona kuwa ukuta umepinda. Duara lako litausingizia ukuta.

KIJANA: Nikilikata duara kwa kuufuata ukuta, ami, si duara tena, na jigi haina kazi.

MZEE: Ndivyo nilivyokwambia tangu alasiri.

MWENYE NYUMBA: Plasta itafika wapi?

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa akitazama juu, mahali ambapo chokaa iliyobanduka ilionyesha namna tao la zamani lilivyokuwa limeingia ukutani, na alikuwa ameliona jambo ambalo mafundi, kwa kuwa walilijua mno, hawakulisema. Tao lina kingo mbili. Ukingo wa ndani ndio unaoonekana, ndio unaopokea mwangaza kutoka uani, na ndio ambao jicho huufuata kutoka bega hadi bega. Ukingo wa nje huingia ukutani, na kiasi cha vidole viwili vyake hufunikwa na plasta ya chokaa asiuone mtu yeyote mpaka mlango utakapokuja kuoza tena. Ukingo wa kwanza una haja ya kuwa duara. Wa pili una haja ya kuwa ukuta. Kwa maoni yangu, na sioni haya kuyatia hapa ingawa sikuulizwa, ubishi wote wa mkono na mashine ulikuwa umekosa mahali pa kusimama kwa sababu kila mmoja wao alikuwa akinena juu ya ukingo wake na kudhani ananena juu ya tao.

Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika sauti. Mzee alitaka karatasi ngumu, aibane ukutani na kuichora kwa kalamu iliyolala juu ya jiwe, ili umbo la ukuta lihamie katika karatasi pamoja na kasoro zake zote. Karatasi hiyo ihamishiwe katika plaiwudi, na ukingo wa nje wa mvule ukatwe kwa msumeno na kumalizwa kwa patasi. Kijana alikubali, kwa sharti kuwa upana wa sentimita 15 uongezwe uwe 18, ili utepe wa nakshi ubaki na upana mmoja kwa mbele na tafauti ya mabega imezwe na ile sehemu inayofichwa. Mzee alikubali sharti, naye akatia lake: plasta iwe ya chokaa wala si ya saruji, maana saruji hufunga unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe, na unyevu ndio ulioliozesha tao la kwanza. Wakabishana kidogo juu ya mahali pa kukiweka kitovu: kijana alitaka kiwe katikati ya uwazi kama ulivyo sasa, na mzee alitaka kisogezwe kidogo upande wa bega lililoshuka ili jicho lisahaulishwe, wakaamua kukijaribu kwanza kwa kamba na chaki juu ya sakafu, ambako kosa halina gharama.

Juu ya nakshi hawakupatana, na sidhani watapatana. Kijana alisema kuwa ruta ndogo yaweza kuchimba misitari ya mnyororo inayozunguka ukingo, na mkono ukamaliza maua peke yake. Mzee alisema kuwa mfereji wa ruta una kitako kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali mfereji wa patasi hupanda na kushuka, na kivuli chake hubadilika kwa saa. Kijana akasema kuwa kivuli hakilipwi. Bibi akasema kuwa yeye ndiye anayelipa, na kuwa nakshi itakuwa ya mkono, na hapo pakafungwa.

Lilibaki jambo moja ambalo hakuna aliyelitarajia. Bibi aliuliza kiolezo kitakaa kwa nani. Kijana, bila ya kufikiri, alijibu kuwa kitakaa karakana, pamoja na vyengine, kwa kuwa huenda mtu mwingine akataka tao la upana huo huo.

MWENYE NYUMBA: Ndipo ninapokataa. Sitaki siku moja nipite mtaani nikaukuta mlango wangu umesimama mbele ya hoteli.

MZEE: Bibi, hapo usimwonee. Sisi nasi tulikuwa na violezo. Ua lililo katika mfaa wa mlango wako nililiona katika karatasi ya aliyenifundisha, na karatasi hiyo aliirithi kwa aliyemfundisha yeye. Limo katika milango mingine ya mji huu. Fundi asiyeweka kiolezo huanza upya kila siku, na gharama yake hulipwa na wewe.

MWENYE NYUMBA: Basi kila mtu atakuwa na tao langu?

KIJANA: Hapana, bibi. Nitabaki na kiolezo cha ukingo wa ndani, maana duara la sentimita 100 si lako wala langu. Kiolezo cha ukingo wa nje kichukue wewe. Kimechorwa kutoka ukutani mwako, na hakimfai mtu mwingine duniani.

Bibi alilikubali hilo, kisha akauliza kama bei ya plaiwudi ya kiolezo hicho cha pili imo katika ujira waliopatana. Haikuwamo.